Kuchagua Makazi Salama Magharibi mwa Uganda
Ukitaka kuhamia Fort Portal, Kasese au Bundibugyo, kumbuka kwamba Bonde la Ufa limepita maeneo hayo, na kwamba matetemeko ya ardhi ya mwaka 1966 na 1994 yaliua watu na kubomoa nyumba. Kiwanja kikague wakati wa mvua, ukiepuka sehemu iliyo chini ya mteremko mkali, ambako ardhi huporomoka, pamoja na udongo wa kinamasi, ambao huzidisha mtikisiko. Nyumba yenyewe ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa kuta za matofali zisizofungwa pamoja kwa linta, yaani mkanda wa zege wenye nondo juu ya milango na madirisha, unaozunguka jengo zima, huanguka kwa urahisi. Hata mpangaji anayo haki ya kuuliza jambo hilo kabla ya kulipa kodi. Kitanda kisiwekwe karibu na kabati zito lisilofungwa ukutani.