Fonti za tovuti yako: anza na zile ambazo msomaji tayari anazo

Miaka michache iliyopita nilimtengenezea tovuti mama mmoja fundi cherehani wa Tanga. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza: fonti (mtindo wa herufi) ya Verdana, pikseli 13, herufi pana zisizobanana. Nikamtumia kiungo. Jioni akanipigia: "Mwanangu, mbona maandishi yenyewe kama ya kile kikaratasi cha kwenye boksi la dawa?"

Simu yake ya Android haikuwa na Verdana. Android ya kawaida ikiombwa Verdana hutoa Roboto, ambayo herufi zake ni nyembamba zaidi, na kwa pikseli 13 zilikuwa zinamtesa macho. Tangu siku ile sichagui fonti kabla sijajua ipo kwenye simu ya atakayesoma.

Hatua ya 1: Jua nani ana nini

Windows, Mac na iPhone zote zina Georgia na Verdana. Zote mbili zilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft, zikatolewa mwaka 1996, enzi ambazo skrini zilikuwa na pikseli za kuhesabika. Verdana aliianza kwa kupanga nukta za skrini zenyewe, mistari laini ikafuata baadaye, na ndiyo maana hadi leo inasomeka vizuri ikiwa ndogo. Android haina hata moja kati ya hizo. Ukiomba Georgia inakupa Noto Serif. Ukiomba Verdana au Arial inakupa Roboto. Kompyuta nyingi za Linux huja na DejaVu Sans, ambayo ni pana karibu kama Verdana.

Hatua ya 2: Andika neno "Ilala"

Hiki ndicho kipimo changu cha kwanza, na huwa sikiruki. Andika "Ilala" kwa Arial. Herufi mbili za mwanzo ni vijiti viwili vilivyosimama sambamba, na asiyelijua jina hilo hawezi kujua kipi ni I na kipi ni l. Sasa liandike kwa Verdana: I kubwa ina kistari juu na chini, na utata umekwisha. Georgia nayo haina shida, kwa kuwa herufi zake zina vimkia miishoni.

Kisha andika "ng'ombe" uone kama kile kialama hakimezwi kati ya g na o. Mwisho andika namba ya simu na bei, mfano 35,000. Hapa Georgia ina tabia yake: namba zake hupanda na kushuka, 3 na 5 zinaning'inia chini ya mstari, na sifuri inafanana na o ndogo. Ndani ya hadithi au makala zinapendeza mno. Kwenye orodha ya bei za kushona zinavuruga jicho, kwa hiyo orodha ya fundi wangu niliiweka kwa Verdana.

Hatua ya 3: Andika majina kwa kupokezana

Kwenye CSS, yaani maelekezo ya mwonekano wa tovuti, usitaje fonti moja ukaishia hapo. Kivinjari husoma majina kuanzia kushoto na kuchukua la kwanza linalopatikana. Kwa makala ndefu mimi huandika:

body { font-family: Georgia, "Noto Serif", serif; }

Kwa tovuti ya biashara au yenye namba nyingi:

body { font-family: Verdana, "DejaVu Sans", Roboto, sans-serif; }

Jina lenye nafasi katikati liwekee alama za kunukuu. Neno la mwisho, serif (herufi zenye vimkia) au sans-serif (zisizo na vimkia), lisikosekane kamwe: ndilo linalokiambia kivinjari kitoe chochote cha aina hiyo yote mengine yakikosekana.

Hatua ya 4: Ukubwa na nafasi

Vivinjari vingi huanzia pikseli 16. Usishuke chini ya hapo kwa maandishi ya kusomwa. Tumia rem, kipimo kinachofuata ukubwa uliowekwa kwenye kivinjari, badala ya pikseli, ili mtu aliyeongeza ukubwa wa maandishi kwenye kivinjari chake aheshimiwe:

body { font-size: 1rem; line-height: 1.6; max-width: 34em; text-align: left; }

Lile neno left nina sababu nalo. Maneno yetu ni marefu. Neno kama "tutakapowakaribisha" peke yake linakula karibu nusu ya mstari wa simu. Ukilazimisha maandishi yanyooke pande zote mbili, kivinjari kinaacha mianya mikubwa kati ya maneno yaliyobaki. Weka pia lang="sw" kwenye html, ili programu zinazowasomea wasioona zijue kuwa hiki ni Kiswahili.

Rangi iwe nyeusi au karibu na nyeusi juu ya nyeupe. Kijivu hafifu kiache.

Hatua ya 5: Ukitaka fonti ya kupakuliwa

Inawezekana, lakini kumbuka msomaji analipia kwa bando lake. Chukua faili la woff2 (aina ya faili la fonti lililobanwa liwe dogo), uliweke kwenye seva yako mwenyewe, na usizidishe mawili: la kawaida na la herufi nzito. Ndani ya @font-face, sehemu ya CSS inayotambulisha fonti ya kupakuliwa, andika font-display: swap, maandishi yaonekane kwa fonti iliyopo wakati faili likiendelea kushuka. Yale majina ya Hatua ya 3 yabaki nyuma yake.

Hatua ya 6: Jaribu nje ya nyumba

Azima simu ya bei nafuu, toka nayo juani saa sita mchana, na ufungue ukurasa wako. Mpe mtu aliyevuka miaka hamsini akusomee aya moja na bei mbili kwa sauti. Akikunja uso au akiisogeza simu karibu na macho, ongeza font-size iwe 1.125rem, umpe tena.