Somo: Kusoma nia ya Azula bila kubahatisha

Wakuu, swali ni lile lile kila siku: Azula, yule binti mfalme wa Taifa la Moto katika katuni ya Avatar: The Last Airbender, alizaliwa katili au baba yake ndiye aliyemharibu? Naandika mara moja, mnaouliza nitawaelekeza hapa.

1. Tazama sehemu zote 61. Vipande vya dakika mbili havitoshi.

2. Matendo yake kwanza, maneno baadaye.

3. Anza msimu wa 2, sehemu ya 1. Anapiga radi, unywele mmoja unamwangukia usoni. Vikongwe pacha wanaomsimamia wanasema bado kidogo tu akamilike. Anafoka kwamba "bado kidogo" haitoshi. Ana miaka 14.

4. Uliza tukio unaliona kwa macho ya nani. Hapa wengi huharibu, nami niliharibu. Msimu wa 2, sehemu ya 7, Ursa, mama yake Azula, anauliza mtoto huyu ana nini. Lakini hizo ni kumbukumbu za Zuko, kaka yake Azula na kipenzi cha mama. Azula alivyokuwa akiwa peke yake na mama yake hatuonyeshwi. Tena yule mama anayemtokea Azula kwenye kioo msimu wa 3, sehemu ya 20, na kusema anampenda, si Ursa. Ni akili ya Azula. ONYO: ukiyaleta maneno ya kioo kama ushahidi wa mapenzi ya Ursa, hoja imekufa. Yanaonyesha tu kile Azula alichotamani kusikia.

5. Tafuta anachoogopa. Zuko alipochomwa uso na baba yao, Azula alikuwepo akitazama. Ozai, huyo baba yao, anapomwacha Azula nyuma, kilio chake ni kwamba asifanyiwe kama Zuko.

Swali: Kwa hiyo ni kichaa tu?
Jibu: Hatua ya 5. Soma tena.

Swali: Msimu wa 3 sijauona, ila naona anapenda madaraka tu.
Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Mbona kilichomvunja ni kusalitiwa na rafiki zake Mai na Ty Lee, wala si kushindwa vita?
Jibu: Umeuliza vizuri sana. Mai alimwambia anampenda Zuko kuliko anavyomwogopa yeye. Hofu ndiyo kamba pekee aliyofungia watu, na ilikatika mbele ya macho yake. Ndiyo maana msimu wa 3, sehemu ya 20, anafukuza watu kabla hawajamsaliti: mtumishi kwa kokwa moja aliyoikuta kwenye tunda, kisha Dai Li (askari wake wa siri), kisha mmoja wa wale pacha.

Swali: Kuna sehemu anakiri mwenyewe?
Jibu: Msimu wa 3, sehemu ya 5, ufukweni. Anasema mama yake alimwona zimwi, anakubali kuwa ni kweli, halafu anasema bado iliuma. Nyongeza: tazama ile ya unywele na ile ya 20 siku moja. Hii ya pili anashika mkasi na kujikata nywele mwenyewe.