Kumtambua mungu wa Misri ya kale kwenye jiwe: acha kichwa, tafuta jina

Mgeni anayeingia chumba cha Misri kwenye makumbusho kwa mara ya kwanza ana tabia moja. Anaona kichwa cha mbweha, anasema "Anubis", anapiga picha, anakwenda zake. Mara nyingi anapatia, na kupatia huko ndiko kunakomharibu, kwa sababu siku ya pili ataona kichwa cha kipanga na kusema "Horus" kwa kujiamini kulekule.

Hata mimi nimeumbuka hivyo. Nilikuwa nikiwatembeza jamaa kutoka nyumbani katika vyumba vya Misri vya British Museum, London, nikanyoosha kidole: "Huyu ni Horus." Mtoto wa miaka kama tisa akaniuliza, "Sasa mbona ana mwezi kichwani?" Nikatazama. Alikuwa Khonsu, mungu wa mwezi, mwana wa Amun na Mut. Tangu siku ile sitaji jina la mungu yeyote kabla ya kupita hatua zilizo hapa chini. Utaratibu huu utakufaa London, Turin, Berlin, Cairo, au hata mbele ya picha nzuri kwenye simu. Huhitaji kujua lugha ya Kimisri. Alama kama ishirini zinatosha kuanzia.

Jambo la istilahi kwanza. Naandika "mungu" kwa herufi ndogo na "miungu" kwa wingi, kama kawaida ya Kiswahili tunapozungumzia dini za namna hii. Mama mmoja wa Tanga aliniuliza kama kuyasoma haya si shirki. Nilimwambia kusoma si kuabudu. Akasema sawa, atasoma, ila hatagusa. (Kugusa ni marufuku hata hivyo.)

Hatua ya 1: Usisome kibao cha maelezo

Kipe mgongo kibao cha ukutani. Ukikisoma kwanza, macho yatatafuta kile ulichoambiwa. Chukua daftari na penseli. Kalamu ya wino haipendwi karibu na vitu vya kale.

Hatua ya 2: Jua nani anapokea na nani anatoa

Tazama mandhari nzima kabla ya kumtazama mtu mmoja. Kwa kawaida kuna pande mbili zinazokabiliana. Upande mmoja mtu ameketi kwenye kiti cha enzi au amesimama wima bila haraka. Upande wa pili mtu ana kitu mikononi, au ameinua viganja kama anayeomba dua. Anayetoa ni mfalme, kuhani au mwenye kaburi. Anayepokea ndiye unayemtafuta, ingawa kwenye mawe ya makaburi ya watu wa kawaida anayepokea huweza kuwa marehemu mwenyewe, ameketi mbele ya meza iliyojaa mikate.

Angalia pia kile kinachotolewa. Mara nyingi utaona chetezo, chenye mpini mrefu kama mkono wa mtu, na moshi wa ubani. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa ubani ni kitu gani. Wamisri waliuita senetjer, neno linalohusishwa na netjer, yaani mungu. Malkia Hatshepsut alituma merikebu nchi ya Punt, upande wa kusini mwa Bahari ya Shamu, kuuleta pamoja na miti yake kwa ajili ya Amun, na safari hiyo imechongwa kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari.

Hatua ya 3: Kichwa kikupe orodha, kisikupe jibu

Sasa ndipo utazame kichwa, lakini andika majina yote yanayowezekana. Kipanga: Horus, Ra-Horakhty, Montu, Khonsu, Sokar. Simba jike: Sekhmet, Tefnut, na Bastet wa zamani kabla hajazoeleka kama paka. Mbweha: Anubis, Wepwawet, au Duamutef, ambaye ni mmoja wa wana wanne wa Horus wanaolinda viungo vya ndani vya maiti. Kondoo dume: Khnum, Heryshef, na Amun pia. Wachache tu ndio hawana wa kuchanganywa nao kwa urahisi. Ukiona kwarara, huyo ni Thoth. Ukiona kiboko jike aliyesimama na tumbo kubwa, kwa kawaida ni Taweret, mlinzi wa wajawazito. Mamba karibu kila mara ni Sobek.

Watu huuliza kama Wamisri waliamini kweli kwamba Anubis alikuwa na kichwa cha mbweha. Mimi naona kichwa kile ni sehemu ya maandishi. Hathor, mungu wa kike, huchongwa kama ng'ombe mzima, kama mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe, na kama mwanamke mzuri tu mwenye pembe kwenye taji, tena huenda zote zikawa ndani ya hekalu moja. Mchongaji hakuwa akipiga picha ya pasipoti.

Hatua ya 4: Punguza orodha kwa taji na kilicho mkononi

Kwenye kipanga, taji hufanya kazi kubwa. Duara la jua lililozungushiwa swila ni Ra-Horakhty. Jua pamoja na manyoya mawili marefu ni Montu, mungu wa vita wa mji wa Thebes. Mwezi mwandamo wenye duara juu yake ni Khonsu (yule aliyeniumbua). Taji pacha, nyeupe ndani ya nyekundu, kwa kawaida ni Horus, kwa sababu ni taji la mfalme wa Misri ya Juu na ya Chini.

Kwa walio na sura ya binadamu: manyoya mawili marefu yaliyosimama juu ya kofia bapa ni Amun. Wasomaji wa Biblia wamekutana naye katika Yeremia 46:25 kama "Amoni wa No", na No ndiyo Thebes. Mwili uliofungwa kama maiti, na taji jeupe lenye unyoya kila upande, fimbo ya mchungaji na mjeledi vimekutana kifuani: Osiris, na kama rangi imebaki ngozi yake huwa ya kijani au nyeusi. Mwili uliofungwa vilevile lakini kichwa kina kofia ya kubana na ndevu zimenyooka: Ptah wa mji wa Memphis. Unyoya mmoja wa mbuni kichwani ni Maat, yaani haki na mpangilio wa dunia, ingawa Shu naye huvaa unyoya, ila yeye ni mwanamume.

Mtego mkubwa uko kwenye pembe za ng'ombe zinazokumbatia jua. Hilo lilikuwa taji la Hathor. Kuanzia nyakati za Ufalme Mpya (karibu 1550–1070 KK) Isis akaanza kulivaa pia, na toka hapo huwezi kuwatofautisha kwa macho. Nimeona watu wazima wakibishana mbele ya jiwe robo saa nzima, na jibu limeandikwa sentimita chache juu ya vichwa vya wanawake hao.

Mikononi utaona ankh, alama ya uhai, na fimbo ndefu yenye kichwa cha mnyama juu na panda mbili chini. Miungu wa kike mara nyingi hushika fimbo ya bua la mafunjo. Vitu hivi vinathibitisha kwamba uko mbele ya mungu. Ni yupi, havisemi.

Hatua ya 5: Soma mwelekeo

Hapa ndipo penye ufunguo, na waliopita chuoni au madrasa watashika haraka. Maandishi ya hieroglifu husomwa kutoka kulia au kutoka kushoto, au kwa safu kutoka juu kwenda chini. Tafuta alama yenye uso: ndege, mtu, nyoka. Alama hutazama mwanzo wa mstari. Ndege akitazama kulia, anza kulia. Irabu haziandikwi, kama Kiarabu kisicho na harakati, ndiyo maana jina moja utaliona limeandikwa kwa tahajia tatu katika vitabu vitatu.

Kuna faida ya pili ambayo vitabu vingi vya wageni huipita mbio. Maandishi ya mtu hutazama upande anaotazama mtu mwenyewe. Kama mungu ametazama kulia na mfalme ametazama kushoto, maneno ya mungu yana ndege wanaotazama kulia, na ya mfalme yana ndege wanaotazama kushoto. Pale juu katikati, ndege wanapogeuziana nyuso, ndipo mpaka ulipo. Chora mstari hapo kwenye daftari lako. Sasa hutampa mfalme jina la mungu.

Hatua ya 6: Tafuta swila na bakora

Kwenye kuta za mahekalu, mwanzoni mwa safu iliyo karibu na uso wa mungu, mara nyingi kuna swila aliyesimama na kando yake fimbo ya kutembelea, bakora hasa. Chini yake huja jani la tete na mawimbi ya maji. Husomwa djed medu in, "maneno yasemwayo na". Kinachofuata ni jina. Haya ndiyo majina ya kuanzia:

Osiris: kiti cha enzi na jicho, mara nyingi pamoja na mungu aliyeketi.
Isis: kiti cha enzi na mkate mdogo. Kiti hichohicho huvaliwa naye kichwani.
Nephthys, dada yake: kikapu juu ya nyumba.
Hathor: kipanga ndani ya nyumba, maana jina lake ni "nyumba ya Horus".
Amun: jani la tete, ubao wa mchezo na kete zake juu kama meno ya chanuo, mawimbi ya maji.
Ptah: mraba, mkate, utambi uliosokotwa.
Anubis: mbweha amelala juu ya sanduku. Wepwawet kwa kawaida husimama kwa miguu minne, juu ya mti wa bendera.

Ukikuta majina mawili yameunganishwa, kama Amun-Ra au Ptah-Sokar-Osiris, usifute moja. Waliwaunganisha makusudi, na kesho yake wakawatenganisha bila kuona tatizo.

Hatua ya 7: Soma makovu

Wakati mwingine jina halipo na mahali pake pamegongwagongwa, huku mstari uliobaki ukiwa mzima. Usilaumu mvua. Katika karne ya 14 KK, mfalme Akhenaten aliamuru jina la Amun lifutwe, akibaki na Aten peke yake, yaani duara la jua lenye miale inayoishia na viganja. Wafanyakazi walipanda hadi juu ya nguzo kulifuta. Baada yake jina lilirudishwa, na kwa kuwa jiwe lilikuwa limechimbwa, Amun wa pili hukaa kwenye kibonde, chini kidogo ya usawa wa maandishi jirani. Sogea pembeni ili mwanga uje kwa ubavu, utakiona. Pengo la jina la Amun huweza kukuambia mengi kuliko jina zima.

Hatua ya 8: Kwenye jiwe la kaburi, fuata kasia

Mawe ya makaburi yana fomula moja iliyorudiwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Huanza na mmea, mkate juu ya mkeka, na kipande chenye ncha: hotep di nesu, "sadaka aitoayo mfalme". Mmea wa mfalme umeandikwa kwanza ingawa husomwa mwisho, kwa heshima. Hata kwenye jina la Tutankhamun, Amun hutangulia katika maandishi.

Kisha huja jina la mungu, na hapa tayari unajua kulisoma. Katika makaburi ya Ufalme wa Kale (karibu 2700–2200 KK) ni Anubis zaidi; Osiris anaingia mwishoni mwa nasaba ya 5 na baadaye anatawala, akiitwa "bwana wa Djedu, mungu mkuu, bwana wa Abydos" (Djedu na Abydos ni miji yake mitakatifu). Halafu tafuta nyumba, kasia, mkate na mtungi wa bia: peret-kheru, "kutoka kwa sauti", yaani sadaka inayotolewa kwa kutamkwa. Orodha inafuata: mikate, bia, ng'ombe, ndege, alabasta, kitani. Ukiona yungiyungi mbele ya kitu, maana yake ni elfu moja. Elfu ya mikate, elfu ya bia. Marehemu hakuomba kidogo.

Kasia hurudi tena mwishoni, nyuma ya jina la mtu: maa-kheru, "mkweli wa sauti", aliyeshinda hukumu mbele ya Osiris. Kwa hiyo jina lililo mbele ya kasia hilo kwa kawaida ndilo la mwenye jiwe, na mara nyingi limeambatana na jina la mama yake. Baadhi ya mawe huwaomba wapita njia waitamke fomula hii kwa sauti, yakisema haiwagharimu chochote ila pumzi ya kinywa. Kikundi changu huisoma, polepole na kwa matamshi mabaya. Yule mama wa Tanga alisimama mbali kidogo akasikiliza.

Hatua ya 9: Sasa geuka usome kibao

Linganisha. Ukikosea, rudi kwenye hatua uliyokosea. Kwa wengi ni ya tano, wamesoma ndege kwa nyuma. Andika namba ya kitu ili ukaitafute kwenye tovuti ya makumbusho. Na usishangae kukuta kibao kimeandika "Jiwe la afisa" na karne tu, wakati daftari lako lina mungu, mji wake, jina la marehemu na la mama yake.