Sensa za upepo wa tairi kwenye pikipiki ya zamani

Honda ST1100 yangu ni ya 1996, haikuja na sensa za kupima upepo wa tairi. Nimefunga zile zinazokaa juu ya valvu, pale unapojazia upepo.

Anza na valvu yenyewe. Ya mpira usiiamini: sensa ina uzito, na mwendo ukikolea inaivuta. Yangu ilichanika shinani karibu na Makambako, nikasukuma pikipiki huku abiria wa basi wakinipungia. Weka ya chuma.

Jaza tairi zikiwa baridi, PSI 36 mbele, 42 nyuma. Zungusha nati ndogo kwenye valvu kwanza, kisha sensa kwa mkono, halafu rudisha nati ikaze dhidi ya sensa. Paka povu la sabuni. Likitoa mapovu, rudia.

Ukitoka Uyole, Mbeya, alfajiri kwenye baridi, namba za sensa zitapanda njiani. Usipunguze upepo, ni joto la tairi tu.