Somo: Kuchukua udongo wa kupima bakteria, kutoka kilimani hadi mbugani

Udongo wa Dodoma hubadilika ndani ya mita mia chache tu. Juu ya kilima ni changarawe na kichanga chekundu. Chini bondeni, yaani mbugani, ni mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi. Bakteria nao hubadilika hivyohivyo, wakifuata kwanza pH (kipimo cha uchachu wa udongo), kisha maji. Kwa hiyo panga vituo kwa kufuata mteremko, si kwa kufuata vijiji.

1. Chora mstari mmoja wenye vituo vitano, juu hadi chini. Andika mwinuko, mimea na tarehe ya mvua ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo inayosahaulika kila mara.

2. Kila kituo kiwe mraba wa mita 10 kwa 10. Fagia majani na samadi, chota pembe nne na katikati, kina cha sentimita 10, changanya kwenye ndoo safi, toa gramu 200. Udongo wa chini ya mgunga usiuchanganye na wa uwandani: mifugo hupumzika pale, majani huoza pale, na bakteria wake ni wengine kabisa. Kichuguu kiruke, au kiwe sampuli peke yake, maana mchwa hupandisha udongo wa chini.

3. Kabla ya kuhama kituo, osha mwiko tope liishe, ndipo ufute kwa spiriti ya asilimia 70. Spiriti huua bakteria lakini haiondoi DNA (vinasaba) yao. Kama unapima DNA, pitisha dawa ya klorini kwanza, suuza, kisha spiriti.

4. Weka kwenye boksi la barafu. Siku hiyohiyo chekecha kwa chekeche la milimita 2. Mfinyanzi wa mbugani ukiwa mbichi haupiti, unaganda kama ugali. Uvunje kwa vidole, na glavu mpya. Sehemu ya DNA iende friza, nyuzi 20 chini ya sifuri. Ya pH ianike: gramu 10 kwa mililita 25 za maji yaliyokenekwa (ya betri yanafaa, ila si yale makali), koroga, subiri nusu saa, soma.

5. Kutoa DNA hutumia robo gramu tu, ndiyo maana kuchanganya vizuri ni muhimu. Pitisha na kichupa kisicho na udongo kwenye hatua zilezile; kikionyesha bakteria, umechafua mahali.

Maswali ya wanachama

– Shikamoo mwalimu. Vituo vya juu nilichukua Oktoba, vya chini Desemba, siku mbili baada ya mvua. Nilinganishe?

Marahaba. Hapana. Udongo mkavu ukilowa, bakteria huamka ndani ya saa chache na kupumua kwa kasi; H. F. Birch alilieleza hilo mwaka 1958 akiwa Muguga, Kenya. Hapo utakuwa umepima mvua, si mteremko. Rudia vyote ndani ya siku mbili.

– Kwenye sahani ya kuoteshea bakteria, makoloni (vishada vya bakteria) ya kilimani ni machache. Bakteria hawapo?

Wapo. Wengi wa udongoni hawaoti kwenye sahani, kwa hiyo usihesabu makoloni ukasema umehesabu bakteria.

– Niko Kondoa, friza sina.

Udongo ukiwa mkavu tayari, mfuko uliofungwa ukakaa kivulini siku chache unavumilika, mradi sampuli zote zitendewe sawa. Mbichi usijaribu: kwenye joto, wanaokua haraka watajaza mfuko na kuwafunika wengine.