Unataka kufanya utafiti wa madogo na vilevi hapa Mwanza? Soma hii kabla hujaprinti dodoso

Kila msimu wa riseachi ukifika vyuoni hapa Mwanza zinatoka proposo kibao zenye kichwa kile kile, mchango wa makundi rika katika matumizi ya pombe na dawa za kulevya kwa vijana, na ukifungua ndani unakuta jibu limeshaandikwa kabla mtu hajakanyaga fildi: makundi rika. Sasa kama jibu unalo unaenda kutafuta nini Igogo na jua lile.

Naandika kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo au mtu wa ustawi wa jamii mwenye nauli ya daladala na wiki chache tu, na anataka karatasi yake iwe na kitu ndani.

Tuanze na swali lenyewe maana hapo ndo wengi wanapotea. Dogo anavuta bangi na washkaji zake wanne wanavuta, mtaa mzima unasema wamemharibu. Inawezekana. Lakini inawezekana pia alianza mwenyewe, labda alipewa na binamu yake geto, alafu kwenye kijiwe chake cha zamani wakaanza kumsema akahamia kijiwe ambacho hakuna wa kumsema, yaani marafiki hawakumfanya avute, yeye ndo aliwachagua kwa sababu anavuta. Ukipita barabarani ukawaona wamekaa wote watano huwezi kutofautisha hizo hali mbili hata ukitoa macho. Mtafiti wa Marekani anaitwa Denise Kandel alilichimba hili kwa wanafunzi wa sekondari jimbo la New York, akachapisha mwaka 1978: aliwaangalia marafiki mwanzo wa mwaka wa shule na tena mwishoni, waliobaki marafiki, walioachana, na waliojuana katikati, akakuta kufanana kwao kunatokana na yote mawili, kuchaguana na kuambukizana tabia, karibu nusu kwa nusu. Ukienda mara moja tu na dodoso lako huwezi kupata hiyo picha. Ukiweza kurudi kwa watu wale wale baada ya miezi mitatu minne, rudi, hata kama ni wachache. Kama huwezi basi angalau uliza mpangilio wa matukio: nani alikupa mara ya kwanza, mlikuwa wapi, hela ilitoka kwa nani, na hawa unaokaa nao sahivi ulianza kukaa nao kabla au baada ya hapo.

Kuna swali lingine linapendwa sana, "je marafiki zako wanakunywa pombe?", mtu anapewa majibu anayaandika kama vile ndo ukweli kuhusu hao marafiki. Hapana. Hayo ni mawazo ya dogo kuhusu marafiki, na anayekunywa ana tabia ya kuona kila mtu anakunywa. Perkins na Berkowitz mwaka 1986 walionyesha kwa wanafunzi wa chuo kule Marekani kwamba wengi walidhani wenzao wanaikubali pombe kuliko wenzao wenyewe walivyosema. Ukitaka kujua marafiki wanafanya nini waulize marafiki. Chukua mkondo mmoja wa kidato cha tatu, kila mwanafunzi mpe namba, kila mmoja aandike namba za watu anaokaa nao, alafu linganisha majibu ya kila mtu na ya hao aliowataja. Orodha inayounganisha majina na namba kaa nayo wewe, isikae na mwalimu, na ukimaliza kuingiza data ichane.

Vibali. Najua hii inaboa. Kamati ya maadili ya chuo kwanza, na kama ni utafiti wa afya muulize supavaiza mapema kama unatakiwa upite kamati ya taifa ya NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Alafu barua kwa mkurugenzi, Jiji kama uko Nyamagana au Manispaa kama uko Ilemela, ushuke kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, na ukienda mwaloni usipite pembeni ya BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo, maana watakutoa na watakuwa sahihi. Kwa sheria ya mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo mzazi au mlezi anakubali na dogo mwenyewe pia anakubali, vyote viwili. Shida iko kwenye kambi za wavuvi, unakuta dogo wa miaka 15 katoka Ukerewe au Sengerema, mzazi yuko mbali, anayemsimamia ni tajiri wa mtumbwi. Tajiri sio mzazi. Tena huyo huyo anaweza kuwa ndo anamnunulia pombe. Hilo lipeleke kwenye kamati ya maadili kabla ya kwenda, usiamue mwenyewe ukiwa umesimama mchangani.

Sasa uende wapi. Shule ni rahisi ndo maana kila mtu anaenda shule. Ule utafiti wa afya ya wanafunzi wa WHO uliofanyika Tanzania 2014 nao uliwakuta watoto darasani, na ni sawa, ndivyo ulivyopangwa, lakini dogo aliyeacha shule la tano anayeanika dagaa hayumo. Watu wa NIMR na MITU, kituo cha utafiti wa afya cha hapa hapa Mwanza, walipotafiti pombe kwa vijana wa miaka 15 mpaka 24 wa Mwanza na Kilimanjaro hawakuishia kwa wanafunzi, walichukua na vibarua. Fanya hivyo hata kwa udogo wako, nusu shule, nusu mwaloni Kirumba, Igombe au Kayenze.

Na ukienda mwaloni angalia mwezi. Sitanii. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka kambi inapumzika, watu wako nchi kavu, wana hela za giza lililopita na hawana kazi. Ukikusanya data wiki hiyo ukauliza "siku 7 zilizopita ulikunywa mara ngapi" utaandika kwamba ziwa zima limelewa, ukienda wiki ya giza utaandika kwamba watu ni watakatifu. Uliza siku 30, hapo unapata mzunguko wote wa mwezi ndani, giza na mbalamwezi.

Usiulize "je unatumia dawa za kulevya?". Dogo wa msuba, yaani bangi, atakujibu hapana kwa moyo mweupe kabisa, kwake dawa za kulevya ni unga. Taja kimoja kimoja: bia, gongo, pombe kali ya chupa ndogo, bangi, mirungi, ugoro, kuberi, sigara, shisha, gundi, petroli. Kwa kila kimoja uliza umewahi, mwaka huu, siku 30. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 kwa hiyo usimuulize mtoto wa leo habari za viroba kama vile bado vipo dukani. Kipimo nacho kinasumbua: kwenye AUDIT, yale maswali 10 ya WHO ya kupima unywaji wa pombe, kinywaji kimoja ni kama gramu 10 za kilevi, lakini bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo akikwambia bia mbili we andika vinywaji vinne. Gongo usijidanganye kukokotoa, ukali wake haujulikani, andika tu ukubwa wa glasi na ni ngapi. Hiyo AUDIT kwa Kiswahili ilishapimwa hospitali ya KCMC Moshi ila kwa watu wazima, kwa hiyo usiichukue alama 8, ile inayotumika kusema mtu anakunywa kwa hatari, ukawabandika nayo watoto wa miaka 14 bila maelezo. Kwa umri wa 12 hadi 21 kuna CRAFFT, maswali mafupi ya pombe na dawa za kulevya, ipo kwa ajili yao.

Waongo wa kujisifu wapo pia, sio wa kuficha tu. Utafiti wa ESPAD wa wanafunzi wa Ulaya uliweka kwenye dodoso dawa ambayo haipo, wakaiita relevin, ukisema umetumia wanajua we ni mpiga fiksi. Buni ya kwako ila kwanza pita vijiweni uhakikishe hilo jina sio la kitu cha kweli.

Dodoso mtu ajaze mwenyewe, mwalimu atoke nje, mwenyekiti asikusindikize. Mjadala wa kikundi ni mzuri kujua mtaa unaonaje mambo, sio kujua nani anakunywa nini, maana mbele ya wenzake dogo anakuwa mtu mwingine. Gardner na Steinberg mwaka 2005 waliwachezesha watu gemu ya gari kwenye kompyuta, wakiwa peke yao na wakiwa na wenzao, wale wadogo wa miaka 13 hadi 16 ndo walizidisha kujilipua zaidi wenzao walipokuwepo. Kama gemu tu, itakuwa stori za kijiweni?

Alafu tafadhali usiishie kwa marafiki. Uliza nani anakutuma kununua pombe nyumbani. Uliza kama mama anapika gongo na ndo ada inatoka humo, na uliza kwa heshima. Uliza malipo ya kazi yanakujaje, kuna madogo wanapewa chochote cha kuondoa baridi ya ziwani kabla hawajapewa hela. Na siku moja acha kuuliza kabisa, tembea na daftari kutoka geti la shule mpaka stendi ya daladala ukihesabu sehemu zinazouza pombe, andika bei ya chini kabisa na kama mwenye uniform anauziwa. Hiyo data haina mtu wa kuidanganya, na kwa maoni yangu ndo itakayosomwa zaidi kwenye ripoti yako yote.

Utakutana na mtoto atakwambia kitu kizito, anapigwa, analazimishwa ngono, hawezi kuamka bila gongo. Kabla hujaanza mwambie siri yake unaitunza isipokuwa akiwa hatarini. Uwe umeshaongea na afisa ustawi wa kata na dawati la jinsia, namba 116 ya watoto iandike kwenye kikaratasi cha kila mtu, na ujue idara ya afya ya akili Bugando inapokea siku gani. Asante yako iwe soda au sabuni, sio hela.

Kwenye kuandika, kama ulienda mara moja usiseme "makundi rika yamesababisha", sema vinaambatana, na eleza waliokataa kujibu walikuwa wangapi. Bangi na mirungi ni kesi, kwa hiyo kama uliwahoji madogo tisa kwenye mwalo mdogo usiutaje jina, kila mtu pale atawajua kwa umri tu. Andika mwalo mmoja wa Ilemela, supavaiza akikataa mwonyeshe barua ya kamati ya maadili.