Somo: Kukokotoa mchapuko, hasa ule wa utepe wa tikataima

Kila muhula naulizwa lile lile, kuanzia Njoro hadi Bondo: "Mwalimu, mbona nimepata 7.5 na kitabu kinasema 10?" Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Mchapuko ni badiliko la velositi (kasi pamoja na mwelekeo wake) kwa kila sekunde: a = (v − u) ÷ t, ambapo u ni velositi ya mwanzo, v ya mwisho, na t ni muda kwa sekunde.

1. Andika u, v na t pembeni kabla hujagusa kalkuleta.

2. Ukipewa kilomita kwa saa, gawanya kwa 3.6. Hivyo 72 km/h ni 20 m/s.

3. Toa u kutoka kwa v, usigeuze. Matatu inashuka Salgaa kwa 20 m/s, dereva anafunga breki, inasimama baada ya sekunde 5: (0 − 20) ÷ 5 = −4 m/s². Hiyo alama ya kutoa si pambo. Inasema mchapuko unaelekea kinyume na mwendo.

4. Utepe. Alama nyingi huzama hapa, basi tulia. Tikataima ni kifaa kinachogonga nukta kwa vipindi sawa kwenye utepe wa karatasi unaovutwa na kitu kinachosogea. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo tikataima hugonga nukta 50 kwa sekunde, na kutoka nukta moja hadi inayofuata ni sekunde 0.02. Hesabu mapengo, usihesabu nukta. Nukta tano A, B, C, D, E zina mapengo manne.

Tuseme jiwe linaloanguka limevuta utepe, nawe umepima AB = 1.0 cm, BC = 1.4, CD = 1.8, DE = 2.2. Velositi ya AB ni 0.010 ÷ 0.02 = 0.5 m/s. Ya DE ni 0.022 ÷ 0.02 = 1.1 m/s. Badiliko ni 0.6 m/s. Je, muda? Wengi huandika mapengo manne, 0.08, wakapata 7.5. ACHA! Ile 0.5 si velositi ya jiwe likiwa A, wala likiwa B. Ni wastani wa pengo zima, na mchapuko ukiwa haubadiliki, jiwe hufikia wastani huo katikati ya muda wa pengo. Kwa hiyo muda unaanzia katikati ya AB na kuishia katikati ya DE: nusu, moja, moja, nusu. Ni mapengo matatu, sekunde 0.06. Sasa 0.6 ÷ 0.06 = 10 m/s².

Onyo: utepe ukikatwa vipande vya mapengo matano matano, kila kipande ni sekunde 0.1, lakini muda bado unatoka katikati hadi katikati. Na sentimita zigeuze mapema, la sivyo utapata 1000 na kuiandika bila aibu.

MASWALI

Kijana wa Nyalenda: Mwalimu mi nimepata 7.5, kitabu kimekosea?
— Hatua ya 4. Soma yote.

Kijana wa Nyalenda: Nimesoma, lakini mapengo si ni manne?
— Umesoma hadi neno "manne" ukaacha. Endelea mbele.

Fomu Tatu Maseno: Samahani mwalimu, mpira ukirushwa juu, pale kileleni velositi ni sifuri. Mchapuko nao ni sifuri?
— Swali zuri sana. Hapana. Ungekuwa sifuri, velositi isingebadilika tena na mpira ungebaki hewani. Mchapuko ni ule ule, 10 kuelekea chini, ukipanda, ukiwa kileleni na ukishuka. Na kwa kuwa uko Maseno, ikweta inapita hapo kwenu: mvuto wa ikweta ni karibu 9.78, wa ncha za dunia 9.83. Kwenye mtihani tumia walichokupa.

Mama Wawili, Bahati: Mwanangu asema gari likizunguka raundabauti kwa kasi ile ile lina mchapuko. Ananidanganya?
— Hakudanganyi, mama. Velositi ina mwelekeo, na mwelekeo unabadilika. Mchapuko huo unaelekea katikati ya duara.

Fundi wa Kondele: Stima ikipotea tukawasha jenereta, ile 0.02 bado ni sawa?
— Hapo umefikiri kama fundi! Hezi hufuata mzunguko wa injini. Injini ikilegea hadi hezi 48, pengo linakuwa karibu sekunde 0.0208, na ukitumia 0.02 mchapuko utazidi kwa takriban asilimia 8, maana muda umeingia mara mbili: kwenye velositi, kisha kwenye mchapuko. Jenereta ikiwa na mita ya hezi, isome kwanza.

Kijana wa Nyalenda: Nimepata 10!
— Haya, sasa fanya ile ya vipande vya mapengo matano.